Mlokole

Mtaani siku hizi "mlokole" ni yule asiyekunywa pombe wala kusikiliza nyimbo za kidunia, anayedhaniwa msafi kuliko wenzake. Neno limetoka kwenye Kiganda, mulokole, yaani aliyeokoka. Lilienea pamoja na uamsho wa Kikristo uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Kenya na Tanganyika. Walokole wale walisimama mbele za watu wakataja dhambi zao wenyewe: wizi, uzinzi, chuki kwa jirani. Wengine walirudisha mali waliyoiba. Hata wamisionari Wazungu walitubu mbele ya Waafrika, jambo zito sana zama za ukoloni! Kwa kuungama huko ndivyo walivyohubiri neema. Naumia neno hili linapotumiwa kumtenga mwenye kosa. Kwao, mwenye kosa aliyetubu ndiye aliyekuwa na ushuhuda.