Chungu cha Uji cha Waitalia wa Kale

Mtu akitajiwa chakula cha Waitalia, mara hufikiri nyanya. Walakini Mtume Paulo alipofika Puteoli katika merikebu ya Iskanderia, akakaa siku saba kwa ndugu (Matendo 28:13-14), chakula alichoandaliwa hakikuwa na nyanya, wala mahindi, wala pilipili kali, wala viazi. Vitu hivyo vyote vilikuwa bado ng'ambo ya bahari, katika Amerika, na watu wa Ulaya hawakuvijua ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo mkulima wa Italia atakaye kupika chakula cha wazee wake kwa mazao ya shamba lake mwenyewe, kazi yake ya kwanza ni kupita bustanini akiviacha vile alivyovizoea. Humbakia ngano na shayiri, dengu na adesi, maharagwe makubwa yaitwayo fava, kabichi, vitunguu saumu, zeituni na zabibu, pamoja na asali na maziwa ya kondoo.

Tena hana haja ya kubahatisha yote, maana alikuwako Mrumi mmoja aliyeandika. Huyo ni Cato, aliyezaliwa mwaka 234 kabla ya Kristo, mtu mkali, mbahili, mpenda shamba. Yapata mwaka 160 kabla ya Kristo aliandika kitabu cha ukulima, na humo, katikati ya habari za mizabibu na ng'ombe, ametia mapishi. Mkate mdogo wa sadaka, uitwao libum, aueleza hivi: jibini ratili mbili, itwangwe kinuni hata ilainike, itiwe unga wa ngano ratili moja, na yai moja, uumbwe mkate, uwekwe juu ya majani, uokwe polepole mekoni chini ya chungu kilichofunikwa juu yake. Ratili ya Kirumi ni kama gramu 327. Cato hasemi moto uwe kiasi gani, wala mkate ukae muda gani. Mpishi aliyezoea jiko la chuma hutatizika hapo, lakini mama wa pwani yetu, apaliaye makaa juu ya kifuniko na chini ya chungu, angefahamu mara moja.

Lakini chakula cha kila siku hakikuwa mkate. Plinius, mwandishi wa Kirumi, asema kwamba Warumi waliishi kwa uji muda mrefu kabla ya kuzoea mkate. Uji huo waliuita puls, nao ulipikwa kwa ngano ya kale ambayo Waitalia huiita farro. Punje zake zimeshikwa sana na makapi, hazitoki kwa kupurwa tu; sharti zitwangwe, kama sisi tutwangavyo mtama.

Basi katika kitabu cha Cato mna uji mmoja ambao jina lake lastaajabisha: uji wa Carthage. Carthage ulikuwa mji mkuu wa adui za Rumi, huku kwetu Afrika, katika nchi iitwayo sasa Tunisia. Katika uzee wake Cato hakuchoka kuwaambia wakuu wa Rumi kwamba mji ule uangamizwe. Ukaangamizwa kweli, mwaka 146 kabla ya Kristo, miaka mitatu baada ya yeye kufa. Na uji wa watu wale ameuhifadhi yeye! Ngano iliyopondwa ratili moja, iloweshwe hata ilainike sana, jibini mbichi ratili tatu, asali nusu ratili, yai moja, vichanganywe vyote na kutiwa katika chungu kipya. Msomaji mwenye mbuzi wa maziwa na mzinga wa nyuki aweza kujaribu.

Karne nyingi zikapita, mahindi yakaja. Wakulima wa Italia ya kaskazini waliona yazaa kuliko nafaka zao, wakaupika unga wake kama walivyopika uji wa kale, mzito, nao ni ndugu wa ugali wetu, huuita polenta. Maskini wakawa hawali kingine. Ndipo ukaja ugonjwa wa kutisha: ngozi ya mikono na shingo ikawa ngumu na kubanduka kwa jua, tumbo likaharibika, akili zikapotea, wengi wakafa. Mwaka 1771 tabibu Frapolli wa Milan aliuandika kwa jina la pelagra, maana yake ngozi iliyokwaruza. Katika hesabu ya mwaka 1881 wagonjwa walipita 100,000. Watu walidhani mahindi yameoza. Sababu ilidhihirika baadaye, kwa kazi ya Goldberger huko Marekani tangu mwaka 1914, na kwa dawa iliyotambulikana mwaka 1937: mahindi matupu humnyima mtu kirutubishi kimoja cha lazima. Wenyeji wa Meksiko, waliokuwa na mahindi tangu zamani, walikuwa wakiyachemsha kwa maji ya chokaa na kuyala pamoja na maharagwe, wakasalimika. Waitalia walipokea mbegu, wasipokee mapishi yake.

Farro haikutoweka. Katika milima ya Garfagnana, upande wa Tuscany, wakulima hawakuiacha, na leo huipika mchuzi mzito pamoja na maharagwe. Wageni huambiwa kwamba hicho ndicho chakula cha Warumi. Farro ndiyo; lakini maharagwe yale mekundu yenye madoa asili yake ni Amerika kama mahindi. Atakaye mchuzi ambao Cato angeutambua, huyaondoa, akatia dengu au fava za bustani yake.