Kinyago cha Fedha: Mieleka ya Meksiko na Utamaduni wa Umma

Neno mweleka si geni katika lugha yetu. Mtu aangukapo kwa kishindo husemwa kwamba amepiga mweleka, na watu wawili washikanapo, kila mmoja akitaka kumlaza mwenziwe chini, husemwa kwamba wanapigana mieleka. Hata waandishi wa magazeti hulitumia neno hili nje ya uwanja wake: mgombea aliyeshindwa katika uchaguzi hupigwa mweleka, ijapokuwa hakuguswa na mtu. Katika matumizi yote haya imo maana moja isiyo na shaka: aliyeanguka ameanguka. Lakini tangu televisheni ilipoenea katika Afrika ya Mashariki, neno hilo hilo limetwikwa mzigo wa pili. Twalitumia pia kwa mchezo wa ulingoni wa watu waliofanya mieleka kuwa kazi yao, wenye majina ya kubuni na mavazi ya kung'aa, ambao mshindi wao amekwisha kuchaguliwa kabla kengele haijalia. Kwa hiyo wanafunzi hawaachi kuuliza, "Je, mwalimu, mieleka ile ni ya kweli au ya uongo?"

Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kama lilivyoulizwa, kwa kuwa limeacha nje jambo kubwa kupita yote, yaani mapatano baina ya mchezaji na mtazamaji. Ili kulieleza jambo hilo nimechagua mfano wa Meksiko. Huko mchezo huu huitwa lucha libre, maana yake mapambano huru. Ulitoka ulingoni ukaingia katika hadithi za picha, katika sinema, katika siasa, na hata katika nyumba ya padri. Na chombo kilichouvusha mipaka yote hiyo ni kimoja tu, nacho ni kinyago.

Mwanzo wa mchezo wenyewe wajulikana vizuri. Katika mwaka wa 1929 mtumishi mmoja wa serikali, Salvador Lutteroth, alivuka mpaka akatazama mieleka katika mji wa El Paso, Texas. Alipendezwa nayo sana, na mwaka wa 1933 akaanzisha kampuni ya mieleka katika Jiji la Mexico. Kampuni hiyo ingali hai hadi leo, ingawa jina lake limebadilika. Wapo wapendao kusema kwamba kinyago cha mwanamieleka kilirithiwa moja kwa moja kutoka kwa Waazteki na vinyago vyao vya kale. Rai hiyo yapendeza, lakini historia haikubaliani nayo. Mwanamieleka mwenye kinyago alionekana Paris mwaka wa 1867, na mwingine akavuta umati mkubwa New York mwaka wa 1915. Ama katika Meksiko, kinyago cha kwanza kilishonwa mwaka wa 1934 kwa ajili ya mgeni kutoka Marekani, na aliyekishona alikuwa fundi viatu, Antonio Martínez. Basi asili ya kitu ni jambo moja, na maana ambayo watu hukipa kitu hicho baada ya kukipokea ni jambo jingine. Sisi wanafunzi wa lugha twalijua hilo, kwani maneno mengi tuyaitayo yetu yalikuja kwa jahazi.

Wameksiko walikipokea kinyago wakakiwekea sheria. Sheria ya kwanza ni kwamba kumvua mpinzani kinyago kwa mkono katikati ya mchezo ni kosa, na atendaye hivyo hushindwa papo hapo. Sheria ya pili ni ya rehani: wanamieleka wawili waweza kupambana kila mmoja akiwa ameweka kinyago chake rehani, na asiye na kinyago huweka nywele zake. Ashindwaye hukivua kinyago mbele ya watu wote, akataja jina lake la kuzaliwa, mahali alikotoka, na miaka aliyofanya kazi hiyo. Na tangu siku hiyo haruhusiwi kukivaa tena. Msomaji atazame vizuri jambo hili. Mshindi aweza kuwa amepangwa, lakini hasara ya yule aliyeshindwa haikupangwa kwa maigizo: uso ukishaonekana haufichiki tena, na riziki yake hubadilika.

Hapa yafaa tusimame kidogo kwa ajili ya neno. Lugha yetu ina maneno mawili yawezayo kutumika. Barakoa, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni vazi la uso la wanawake wa Oman na wa pwani yetu, na tangu maradhi ya Korona ya mwaka wa 2020 limekuwa pia jina la kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Kazi ya barakoa ni kusitiri au kukinga. Mwenye kuivaa habadiliki, ni yeye yule. Kinyago ni kingine. Kinyago huchongwa, huingia ngomani, hutisha na kuchekesha, na avaaye kinyago huacha kuwa fulani bin fulani mpaka ngoma iishe. Kwa sababu hiyo nimelichagua neno kinyago. Mwanamieleka wa Meksiko hafichi uso wake tu. Anachukua uso mwingine wenye jina, sifa, na historia yake, na uso huo waweza kurithiwa kama shamba.

Hapana mfano ulio wazi zaidi kuliko ule wa El Santo, yaani Mtakatifu, aliyejulikana pia kama Mwenye Kinyago cha Fedha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Rodolfo Guzmán Huerta, naye alizaliwa mwaka wa 1917 katika mji wa Tulancingo. Alikuwa amekwisha kupigana kwa majina mengine kabla hajavaa kinyago cha fedha mwaka wa 1942. Wanamieleka wa huko hugawanyika katika makundi mawili: mafundi, ambao hufuata kanuni na kutegemea ustadi, na wakali, ambao huuma, huchoma macho kwa vidole, na kumhadaa mwamuzi. Ajabu ni kwamba Mtakatifu huyu alianza katika kundi la wakali, na watu walimzomea. Tarehe 7 Novemba 1952 alimshinda Black Shadow katika pambano la kinyago kwa kinyago, na sifa yake ikavuma nchi nzima. Mwaka uliofuata Blue Demon, rafiki wa yule aliyeshindwa, alimnyang'anya Santo ubingwa wa dunia wa uzito wake. Hivyo watu wakapata kisa chenye kisasi, urafiki, na heshima, ambacho kiliendelea juma kwa juma kama hadithi ya jioni.

Katika mwaka huo huo wa 1952 mchapishaji José G. Cruz alianza kutoa hadithi za picha za Santo. Hazikuwa michoro mitupu. Zilichanganya picha halisi za mwanamieleka mwenyewe na michoro ya mazimwi na majengo. Katika kurasa hizo yule mkali wa ulingoni alikuwa mlinzi wa wanyonge. Ulingo nao ukafuata kurasa: katika miaka ya 1960 Santo alihamia rasmi katika kundi la mafundi. Jambo hili ni la maana sana kwa hoja yetu. Si mtu aliyeigeuza picha yake. Ni picha iliyomgeuza mtu.

Sababu nyingine ilikisukuma kinyago mbele. Mieleka ilikuwa imeanza kuonyeshwa katika televisheni, lakini katikati ya miaka ya 1950 wakuu wa Jiji la Mexico waliipiga marufuku isionyeshwe humo. Walioipenda hawakuiacha, walikwenda kuitazama katika sinema. Filamu mbili za kwanza za Santo zilipigwa nchini Kuba mwaka wa 1958, muda mfupi kabla Fidel Castro hajashika madaraka. Baada ya hapo zilifuata nyingine hata jumla yake ikapita 50. Humo alipambana na majini wanyonya damu, wataalamu wenye wazimu, na maiti waliofufuka, na hakuvua kinyago hata alipoketi kula chakula au alipoongea na mwanamke aliyempenda. Mtazamaji hakuona kioja katika hayo, kwa sababu mapatano yalikuwa yamekwisha kufanywa ulingoni: huyu si mtu aliyevaa kinyago, huyu ni Santo.

Mapatano hayo yaliheshimiwa hadi kaburini. Mwezi wa Januari 1984, katika kipindi cha televisheni, Santo alikiinua kinyago chake kidogo tu, sehemu ya uso wake ikaonekana. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, alifariki dunia. Alizikwa akiwa amekivaa, na umati wa watu ukamsindikiza. Mwanawe alikuwa amekwisha kuanza kupigana kwa jina la Mwana wa Santo, naye akakiendeleza kinyago cha fedha. Rodolfo Guzmán alikufa, Santo hakufa.

Yaliyofuata yaonyesha kwamba kinyago kilikuwa kimekwisha kuwa neno katika lugha ya umma, neno ambalo mtu yeyote aweza kulitumia kusema jambo lake. Tetemeko la Septemba 1985 lilibomoa nyumba nyingi za maskini katika Jiji la Mexico, na maelfu walikosa makazi. Mwaka wa 1987 kutoka katika vyama vya wapangaji alitokea mtu aliyevaa kinyago na nguo nyekundu na manjano, akijiita Superbarrio. Hakupigana na majini. Alifika mahali ambapo familia ilikuwa ikitolewa nyumbani kwa nguvu, akasimama mlangoni pamoja na majirani, na alikwenda nao katika ofisi za serikali kudai haki zao. Kila mtu alimwelewa bila kuelezwa, kwa sababu alisema katika lugha waliyojifunza utotoni. Kadhalika padri Sergio Gutiérrez Benítez alipigana kwa miaka mingi kwa jina la Fray Tormenta, yaani Ndugu Dhoruba, ili apate fedha za kuwalisha yatima aliowalea. Hatimaye, mwaka wa 2018, Jiji la Mexico liliitangaza mieleka kuwa urithi wake wa utamaduni.

Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake *Mythologies* cha mwaka wa 1957, aliandika kwamba mieleka ya namna hii si mashindano bali ni tamasha, na kwamba mtazamaji hatafuti kujua nani atashinda. Anataka kuona maumivu, haki, na kisasi vikidhihirishwa kwa ishara zilizo wazi. Kwa hoja hiyo swali la ukweli na uongo huanguka, kama vile asivyoulizwa mwigizaji wa tamthilia kama kweli ameuawa. Mimi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, lakini sina budi kuongeza jambo ambalo hoja yake haikulipima.

Mwezi wa Machi 2015, katika mji wa Tijuana, mwanamieleka Pedro Aguayo Ramírez, mtoto wa bingwa mashuhuri, alipigwa teke akaangukia kamba za ulingo. Alibaki amelala juu ya kamba, kichwa kikining'inia. Hali hiyo ndiyo hali ile ile ambayo mpinzani wake, Rey Mysterio, huwaweka watu kabla ya kupiga pigo lake maarufu. Yaani ilikuwa ishara inayojulikana, yenye maana yake katika sarufi ya mchezo. Pambano likaendelea kwa muda, na watazamaji wakaendelea kushangilia. Aguayo alikufa. Alikuwa na miaka 35. Kabla ya hapo, Mei 1999, Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi huko Kansas City, Marekani, alipokuwa akiteremshwa kwa kamba. Mtangazaji alilazimika kuwaambia watazamaji wa televisheni kwamba lililotokea halikuwa sehemu ya burudani.

Hilo tamko la mtangazaji lastahili kuzingatiwa na wataalamu wa lugha. Kila ishara ya mwili ilikuwa imekwisha kutumiwa kwa maumivu ya kuigiza. Haikubaki hata moja ya kusema maumivu ya kweli. Ikabidi mtu atoke nje ya mchezo na kutumia maneno matupu. Hii ndiyo gharama ya mapatano niliyoyaeleza. Lugha iwezayo kusema kila jambo kwa mfano yaweza kushindwa siku moja kusema jambo moja bila mfano.

Wahenga wetu walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Historia ya mieleka ya Meksiko yaonyesha kinyume. Watu walikishona wao wenyewe, wakajua nani alikishona na kwa nini, na bado kiliwatisha, kikawafurahisha, na kuwasimamia mlangoni walipotaka kufukuzwa. Hawakudanganywa, waliafikiana. Basi mwanafunzi akiuliza tena kama mieleka ile ni ya kweli au ya uongo, namjibu kwamba neno letu la zamani, mweleka, sasa lina maana mbili, na kwamba watunga kamusi wafanya kosa wasipozitenga. Katika maana ya kwanza, aliyeanguka ameanguka. Katika maana ya pili, aliyeanguka amesema jambo, nasi tumekubali kumsikia. Wajibu wetu ni kukumbuka kwamba anayelisema ana shingo na mifupa kama sisi, na kwamba hata ndani ya maana ya pili, ile ya kwanza haiondoki kamwe.