Sungura wa kufugwa: kumshika na kumbeba

Sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus) asili yake ni Hispania na Ureno. Si wa jenasi moja na sungura wa porini anayeonekana Nalasi na kwingineko mkoani Ruvuma, yule wa hadithi za ujanja, ambaye ni wa jenasi Lepus. Yule wa porini hutegemea mbio; huyu wa bandani ni mchimba mashimo. Wote wawili huwindwa na tai kutoka angani, na ndiyo maana mkono unaomshukia sungura wa kufugwa kutoka juu humtia hofu. Sungura anayekataa kubebwa si mkaidi. Anaogopa kufa.

Hofu hiyo ina hatari yake. Mifupa ya sungura ni miepesi, takriban asilimia 8 tu ya uzito wa mwili, ilhali misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu nyingi. Akipiga teke hewani kiuno chake kikiwa hakijashikiliwa, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe, miguu ya nyuma ikapooza moja kwa moja. Kumning'iniza kwa masikio, jambo ambalo bado hufanywa, ni ukatili: masikio yamejaa mishipa ya damu na ndiyo yanayompunguzia joto. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na sungura naye ni mnyama.

Anayelazimika kumbeba achuchumae kwanza, amsogelee kutoka ubavuni, kwa sababu sungura haoni kilicho mbele kabisa ya pua yake. Amguse paji la uso mpaka atulie. Kisha mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, na mnyama aegemezwe kifuani mwa mbebaji papo hapo. Akianza kufurukuta asibanwe. Mbebaji achuchumae tena amshushe. Anaporudishwa bandani atangulize makalio, maana akiona nyumbani kwake huruka. Anayeparua sana aviringishwe kwenye kanga, pua ikiachwa wazi, kwani sungura hupumua kwa pua. Kumlaza chali ili atulie hakufai: utulivu ule ni woga.

Lililo bora ni kutomwinua kabisa. Banda liwe na mlango wa ubavuni, si wa juu. Tenga lililolazwa, ndani yake mna majani ya viazi vitamu, humvuta aingie mwenyewe, kisha hubebwa tenga. Watoto wa nyumbani wakae mkekani wamngoje awajie.

Sungura aliyeanguka akawa anaburuta miguu ya nyuma asisimamishwe kwa nguvu. Alazwe kwenye boksi lenye nyasi kavu, apelekwe kwa afisa mifugo siku hiyohiyo.