Miaka 53 ya Power Memorial

Tarehe 5 Aprili 1984, mjini Las Vegas, Kareem Abdul-Jabbar alirusha ule mpira wake wa mkono mmoja unaozunguka juu ya kichwa, ukatumbukia kikapuni, na Wilt Chamberlain akawa wa pili katika orodha ya wafungaji wa NBA. Tangu usiku huo hadi Februari 2023, alipotokea LeBron James, hakuna aliyemzidi Kareem kwa pointi katika ligi ya NBA. Mwaka huohuo wa 1984, masomo yalipokwisha, shule iliyomlea ilifunga mlango na haikuufungua tena.

Shule hiyo ni Power Memorial Academy, sekondari ya Kikatoliki ya wavulana, Manhattan, New York. Msomaji asidhani jina hilo ni la kujitapa kwa nguvu. Power ni jina la ukoo la Kiayalandi. Lilikuwa la Monsinyori James W. Power, paroko wa kanisa la All Saints huko Harlem, ambaye mwaka 1906 aliwaita mabruda wa shirika la Christian Brothers waje kufundisha watoto wa parokia yake. Shirika hilo lilianzia Waterford, Ayalandi, mwaka 1802. Mwanzilishi wake, Edmund Rice, alikuwa mfanyabiashara aliyefiwa na mke, akaacha biashara na kufungua darasa la watoto wa maskini. Watu wa Arusha jina hilo si geni kwao, kwa maana Edmund Rice Sinon ni sekondari ya mabruda haohao.

Power Memorial ilianza Harlem mwaka 1931. Mwaka 1938 ikahamia namba 161, West 61st Street, kwenye jengo la ghorofa 10 lililokuwa hospitali ya watoto. Ghorofa 10 ni ngazi nyingi kwa kijana mwenye mkoba wa vitabu na kengele imeshalia. Mtaa uliozunguka shule uliitwa San Juan Hill, makazi ya Wamarekani Weusi na Wapuerto Riko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali iliubomoa mtaa huo, maelfu ya familia wakahama, ili zijengwe kumbi za Lincoln Center. Ukumbi wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1962. Shule ikajikuta jirani wa opera na baleti. Bei ya kiwanja ikapanda, jengo likazeeka. Mwisho wake, kwa maoni yangu, ulianzia hapo, miaka 20 na zaidi kabla haujatangazwa.

Kabla ya mwisho ulikuja utukufu. Mwaka 1961 aliingia kijana mmoja mrefu kutoka Inwood, kaskazini kabisa mwa Manhattan, mtoto pekee wa wazazi Wakatoliki. Jina lake wakati huo lilikuwa Lew Alcindor; ndiye Kareem wa baadaye. Kocha alikuwa Jack Donohue. Katika miaka ya Alcindor timu ilishinda michezo 79 na kupoteza miwili, ikatwaa ubingwa wa shule za Kikatoliki za jiji mara tatu mfululizo, na kwa michezo 71 hakuna aliyeifunga. Kijana mwenyewe alifunga pointi 2,067.

Wahitimu husimulia sana ushindi, lakini mchezo uliobaki katika historia ya mpira wa kikapu wa shule za Marekani ni ule waliofungwa. Tarehe 30 Januari 1965 walisafiri hadi Maryland kucheza na DeMatha, shule nyingine ya Kikatoliki ya wavulana. Kocha wa DeMatha, Morgan Wootten, aliwafundisha wachezaji wake kwa kuwawekea mbele watu walioinua raketi za tenisi hewani, wazoee kurusha mpira juu ya mikono ya Alcindor. Dawa ilifanya kazi. Mbele ya watazamaji 12,500, Power walifungwa 46 kwa 43.

Kuna habari nyingine ya miaka hiyo ambayo haifai kurukwa. Wakati wa mapumziko ya mchezo mmoja, Donohue alikasirishwa na uchezaji wa Alcindor akamwambia, mbele ya wenzake, kwamba anacheza kama mtu mweusi, akitumia neno lile la matusi ambalo Wamarekani hawalitamki hadharani. Baadaye alijitetea kwamba alitaka kumchochea acheze kwa bidii. Kijana alikuwa amemwamini kocha huyo kama mzazi. Mwaka 1983 Kareem aliyaandika hayo katika kitabu chake Giant Steps. Historia nyingi za shule huandikwa na kamati ya sherehe, na kamati ya sherehe hutaka keki na picha. Aliyeidai Power Memorial ukweli ni mwanafunzi wake maarufu kuliko wote, naye hakuacha kusema kwamba alisoma pale. Kwangu mimi huo ni uaminifu kuliko kuimba wimbo wa shule ukiwa umesimama wima.

Mwanafunzi huyo aliyelelewa na mabruda alisilimu mwaka 1968, na mwaka 1971, akiwa ametoka kutwaa ubingwa wa NBA na Milwaukee, akatangaza jina jipya. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Karimu tunamjua. Jabari tunamjua, tena tunawapa watoto jina hilo. Abdul-Jabbar ni mtumwa wa Mwenye Nguvu. Kijana aliyebeba jina la Power kifuani mwa jezi kwa miaka minne alikuja kuchagua jina linalobeba nguvu ileile kwa Kiarabu. Ni sadfa tu, lakini ni tamu.

Kareem hakuwa mhitimu mashuhuri pekee. Len Elmore alimaliza mwaka 1970, akacheza NBA, kisha akasomea sheria Harvard na kufanya kazi ya uendeshaji mashtaka Brooklyn kabla ya kuwa mchambuzi wa michezo kwenye televisheni. Mario Elie, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti, alimaliza mwaka 1981 na kutwaa ubingwa wa NBA mara tatu. Wengi waliobaki hawakucheza popote. Walikuwa watoto wa wafanyakazi, Waayalandi, Waitaliano, Weusi na Wapuerto Riko, na kwao shule ilikuwa njia ya kupata elimu nzuri kwa ada ambayo familia iliweza kuibana kwenye bajeti.

Ada hiyo iliwezekana kwa sababu moja. Bruda ameweka nadhiri ya ufukara, hivyo mshahara wake hauendi mfukoni mwake. Maisha yake ndiyo ruzuku ya shule. Kuanzia miaka ya 1960 miito ilipungua, mabruda wakazeeka, nafasi zao zikashikwa na walimu walei wenye watoto wa kulisha na kodi za nyumba. Gharama zikapanda, familia nyingi nazo zikahamia nje ya jiji. Hadithi ni hiyohiyo kwa mamia ya shule za Kikatoliki za Marekani. Power Memorial iliongezewa mzigo wa jengo bovu lililohitaji matengenezo makubwa, juu ya kiwanja chenye thamani kubwa. Mwaka 1984 ilifungwa, jengo likavunjwa, na kufikia mwaka 1987 anwani ya 161 West 61st Street ilikuwa na mnara wa makazi wa ghorofa 38 uitwao The Alfred.

Yaliyofuata hayakuwapendelea mabruda. Sekondari yao ya Rice, Harlem, ilifungwa mwaka 2011. Mwaka huohuo shirika lao la Amerika Kaskazini liliomba hifadhi ya mahakama ya kufilisika kwa sababu ya madai ya watu walionyanyaswa kingono utotoni katika shule na vituo vyake. Parokia ya All Saints, ya Monsinyori Power mwenyewe, iliunganishwa na nyingine mwaka 2015.

Wamebaki watu. Wahitimu wa shule iliyofungwa ni ukoo usiozaa. Shule hai kila mwaka huongeza darasa jipya, wenye mvi wakipungua vijana wanaongezeka. Kwa Power darasa la mwisho ni la 1984, na aliyelimaliza akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1966. Hakuna mdogo wao atakayekuja. Hakuna uwanja wa kuchezea mechi ya marudiano, hakuna ukumbi wa kutundika picha. Wanapokutana hulazimika kuwa wao wenyewe ndiyo shule: anayekumbuka jina la bruda wa hesabu ndiye maktaba, na anayejua nani kafariki ndiye daftari la mahudhurio. Na kila mahali inapochapwa historia ya Kareem, chini ya jina lake husomeka Power Memorial, bila kuongezwa kwamba haipo.

Kwetu ilikwenda kinyume. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipotaifisha shule za mashirika ya dini Tanzania Bara, St. Francis ya Pugu, alikofundisha Julius Nyerere hadi mwaka 1955, ikawa Pugu tu, na St. Mary's ya Tabora, alikofundisha kabla ya kwenda Edinburgh, ikawa Milambo. Majengo yalibaki, kengele zikaendelea kulia, majina ya watakatifu yakaondoka. New York jina lilibaki, shule ikaondoka.

Aliyesoma Pugu au Tabora kabla ya mabadiliko hayo leo yuko kwenye miaka ya sabini au zaidi. Kama ni baba yako, au babu yako, mkalishe Jumapili hii, umpe kalamu na karatasi, aandike majina ya wenzake wa darasa, mmoja mmoja, pamoja na walimu wao.