Kibra, Shamba Lililokuwa Pensheni

Kabla ya kuwa mtaa, Kibra ilikuwa malipo. Askari Wasudani wa Keya (King's African Rifles), ambao leo tunawaita Wanubi, walimpigania Mwingereza pasipo pensheni. Walipostaafu walielekezwa kwenye msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi, na jina Kibra ni neno la Kinubi lenye maana hiyohiyo ya msitu. Kufikia 1918 eneo hilo lilikuwa limetengwa rasmi, ekari 4,197. Aliyetumikia jeshi miaka 12 alipewa kibali cha shamba ili alime, afuge, azeekee hapo.

Lakini kibali si hati. Tume ya Ardhi ya Carter, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilikiri kwamba Serikali ina deni kwa askari hao, ila ikawahesabu kuwa wapangaji kwenye ardhi ya Mfalme. Kwangu mimi, hapo ndipo uzee wa Kibra ulipoharibiwa: mzee alipewa mahali pa kuzeekea, akanyimwa cha kurithisha. Ekari zikazidi kumegwa. Familia zikajenga vyumba na kuvipangisha, na kodi ikawa pensheni ya pili. Mjane mwenye vyumba vinne hakulala njaa. Ni 2017 tu ndipo jamii ilipopata hati, ya ekari 288.

Mtaa wa Kawangware ulipita njia nyingine. Upande ule wa Dagoretti, ardhi ilikuwa ya koo za Wakikuyu, na wenye ploti wakajenga nyumba za mabati. Guka na shosho wakaishi kwa kodi.

Na mpangaji je? Mshahara wa kikoloni ulipimwa kwa mwanamume asiye na familia mjini, ikidhaniwa kwamba uzee wake utatunzwa ushago. NSSF, mfuko wa Serikali wa akiba ya uzeeni ulioanzishwa 1965, ulimfuata mwenye mwajiri. Mama mboga, dobi na kibarua wa mjengo wakabaki nje. Wengi walirudi kwao. Wasio na pa kurudi wamezeekea chumba cha kupanga, wengine wakilea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, iliwapa wazee haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Kuanzia 2018 mpango wa Serikali wa Inua Jamii ukawafikia wenye miaka 70 na zaidi: shilingi 2,000 kwa mwezi. Kujiandikisha kunataka kitambulisho, kitu ambacho Wanubi kwa miongo mingi walikipata baada ya kuhojiwa na kamati kuhusu uraia wao.

Elfu mbili hununua unga. Mzee akipooza, anayemgeuza kitandani ni binti, mkaza mwana au mjukuu aliyeacha kibarua. Chama humchangia, jirani humtekea maji. Huyo mwenye kumgeuza hana kibali cha shamba wala akiba ya NSSF, na umri wake nao unasonga.