Jabali la Liuli na Majina ya Maradhi

Msafiri ashukaye kutoka milima ya Umatengo, akaiacha Mbinga na kuteremka hata Mbamba Bay, kisha akaifuata pwani ya Ziwa Nyasa kuelekea kaskazini, hufika Liuli, penye jabali ambalo Wajerumani walilifananisha na ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba, ambayo Waarabu huiita Abulhauli, yaani baba wa hofu. Wakaipa bandari jina la Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx. Ndipo hapo, Agosti 1914, meli Guendolen ya Waingereza ilipoivamia meli Hermann von Wissmann ya Wajerumani, imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, nahodha wake hana habari ya vita. Jina lile likaondoka na wenyewe.

Sphinx wa Wayunani, lakini, si sanamu tu: alikaa njiani akiwategea wapitao kitendawili, na aliyeshindwa kukitegua aliliwa. Ni nani aendaye kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri, mitatu jioni? Oedipus akajibu: mtu. Kwa jawabu hilo akapata ufalme na mke, asijue kuwa mke ni mama yake mzazi, wala kuwa yule mzee aliyemwua njiani alikuwa baba yake. Kwa jina la Oedipus, Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliita mwaka 1910 ile hali ya mtoto wa kiume kumpenda mama na kumwonea baba wivu. Nami naona amedhulumiwa, maana Oedipus hakukusudia hata moja.

Mtindo huo wa kuyaita maradhi kwa jina la mtu wa hadithi ni wa kale. Mwaka 1530 Girolamo Fracastoro, tabibu na mshairi wa Verona, alitoa utenzi wa Kilatini juu ya maradhi ambayo Waitalia waliyaita ya Wafaransa, na Wafaransa wakayaita ya Napoli, kila taifa likimtupia jirani aibu yake. Humo alimzua mchungaji Syphilus, aliyemkufuru mungu wa jua akawa wa kwanza kuadhibiwa. Na jina la mtu huyo asiyekuwapo, asiye na ukoo wa kutahayari, ndilo matabibu walitumialo hata leo kwa kaswende.

Lugha zetu aghalabu hazifuati njia hiyo. Chikungunya, neno la Kimakonde lililoingia vitabuni baada ya homa iliyozuka 1952 upande wa Newala, lasema tu namna maradhi yanavyomkunja mtu. Illa degedege. Wengi husema mtoto akakamaaye na kutetemeka ameangukiwa na kivuli cha dege, yaani ndege mkubwa, apitaye usiku. Tofauti ni kwamba Syphilus hana amwaminiye, bali dege anao waumini, nao humtangulizia mtoto mganga, hali aghalabu ni malaria iliyopanda kichwani.

Pwani ya Nyasa ina mbu wengi, na Liuli iko hospitali ya misheni ya Mtakatifu Anna. Mtoto akishikwa, ewe msomaji, mkimbize huko, au popote penye tabibu. Hadithi ya dege umsimulie akisha kupona.