Shawwal ya Mwaka 1414: Tuliyoyaona Gisozi

 

Sisi watu wa Kakuma hatuna haja ya kusafiri mbali kusikia habari za vita. Kambi ipo hapa tangu 1992, na madrasa tulikaa jamvi moja na Wasomali, Wasudani, Warundi na hata Mnyarwanda mmoja. Lakini wenyewe hawakupenda kusimulia, na sisi hatukuuliza. Basi wanafunzi wenzangu wa chuo walipopanga ziara ya Kigali, nami nikajiandikisha. Lodwar, Kitale, Uganda nzima, kisha Rwanda: safari hiyo si mchezo!

Makumbusho ya mauaji ya kimbari yapo Gisozi, yalifunguliwa Aprili 2004. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Hebu isome tena hesabu hiyo. Ndani kuna sehemu inayoeleza maangamizi ya kwingineko, wakiwemo Mayahudi milioni sita waliouawa Ulaya chini ya utawala wa Hitler. Halafu kuna chumba cha watoto. Picha ya mtoto, chini yake chakula alichokipenda, mchezo wake, na namna alivyouawa. Mimi nilitoka nje.

Nikiwa pale nje nikaanza kupiga hesabu ya tarehe. Mauaji yalianza 7 Aprili 1994. Idi ilikuwa katikati ya Machi. Kumbe ilikuwa bado Shawwal! Pengine kuna waliokuwa hawajamaliza sita zao, na majirani walioalikwa biriani ya Idi wiki tatu tu nyuma sasa wanagonga mlango kuomba kufichwa.

Wengi walifunguliwa. Biryogo, mtaa wa Kigali ambao Wabelgiji waliutenga kwa ajili ya Waswahili, Waislamu waliwaficha watu majumbani, na hawakuuliza huyu Mtutsi au siye. Aya ya 32 ya Suratul-Maida sote tuliihifadhi. Wao walitakiwa kuifanyia kazi usiku, panga likiwa nje.

Sasa ndugu yangu, habari hii tunaipenda, na ni ya kweli. Ila tusiishie hapo. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililoanza 1990 na kuwachochea Wahutu dhidi ya Watutsi, aliitwa Hassan Ngeze. Ni Muislamu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na rufaa ya 2007 ikakifanya miaka 35. Alikuwa na kalamu, kama mimi ninayekuandikia hapa. Wallahi hilo lilinitisha kuliko mafuvu.

Niliporudi Kakuma nilimuulizia yule Mnyarwanda wetu wa madrasa. Nikaambiwa wamehamishiwa ng'ambo siku nyingi. Miaka yote ile ya jamvi moja, sikuwahi hata kumuuliza kwao walikuwa wangapi.